Uzi: Farasi katika Wesnoth, tuwapeleke lini na tuwaache wapi

#1 Nahodha wa Tambarare

Wakuu, salaam.

Nimesoma nyuzi kadhaa humu za michezo ya zamu, na kila farasi wa Battle for Wesnoth wanapotajwa, neno ni lile lile: ghali, wanakufa upesi, bora ujaze mikuki. Mimi nauchezea upande wa Loyalists kuliko upande mwingine wowote, na nawapenda farasi kwa dhati, kwa hiyo nimeona tufungue uzi tuliongelee hili kwa hesabu.

Kwa asiyeufahamu: Wesnoth ni mchezo wa bure, ulianzishwa na David White mwaka 2003, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na unachezeka kwenye Linux, Windows na macOS. Ramani ni vigae vya pembe sita. Unasogeza jeshi lako lote, unapiga, kisha mpinzani naye anafanya hivyo hivyo. Basi. Ugumu wote uko kwenye kuamua nani asimame wapi.

Hoja yangu ni hii. Thamani ya farasi ni uhuru wa kuchagua ugomvi. Askari wa miguu ana hatua 5, anapigana na aliye mbele yake. Farasi ana hatua 8, anaweza kuamua apigane na nani, na hata asipigane na mtu. Ukimpeleka kwa yule aliye karibu kwa kuwa tu zamu yako imefika, umelipa dhahabu nyingi kwa kitu ambacho mkuki (Spearman, askari wa miguu) wa dhahabu 14 ungekifanya vizuri zaidi.

Tuanze na Horseman mwenyewe. Bei 23, uhai 38, mkuki wake ni 9 mara mbili, yaani mapigo mawili ya 9 kila moja. Lakini ana ile sifa ya kuvamia: akishambulia yeye, pigo lake linazidishwa mara mbili, na pigo analorudishiwa nalo linazidishwa mara mbili. Sifa hii inafanya kazi anaposhambulia yeye tu. Akishambuliwa kwenye zamu ya adui anajibu kwa 9 ya kawaida na anaumia kwa kiasi cha kawaida. Watu wengi hawalizingatii hili wanapopanga zamu.

Halafu yeye ni askari wa mchana. Asubuhi na alasiri nguvu yake inapanda asilimia 25, zamu mbili za usiku inashuka asilimia 25, alfajiri na machweo anabaki alivyo. Mweke mbele ya Grunt wa maorki, mwenye uhai 38 na upanga wa 9 mara mbili. Mchana Horseman anampiga 22 mara mbili, na yote mawili yakimpata Grunt amekufa. Grunt anarudisha 11 mara mbili, kwa sababu yeye ni wa usiku na farasi ana kinga ya asilimia 20 dhidi ya makali. Sasa rudia pambano lile lile usiku: Horseman anapiga 14 mara mbili, hata yote yakiingia Grunt bado yupo, na yeye anarudishiwa 18 mara mbili. Jumla 36. Anabaki na uhai wa 2, katikati ya maorki, usiku. Askari ni wale wale, uwanja ni ule ule, saa tu ndiyo imebadilika.

Nani wa kumvamia? Yule asiyeweza kurudisha. Dark Adept, mchawi wa upande wa Undead (wafu), hana silaha ya karibu kabisa, kwa hiyo kuzidishiwa mara mbili hakuna maana kwake: mara mbili ya sifuri ni sifuri. Mage, mchawi wa moto, ana fimbo ya 5, pigo moja tu. Elvish Archer ana upanga wa 5 mara mbili na uhai 29, akikamatwa kwenye majani nje ya msitu ni halali yako. Hawa ndio watu ambao mpinzani huwaficha nyuma ya ukuta, na ndiyo maana hatua 8 zina thamani.

Nani wa kumkwepa? Spearman, bila mjadala. Farasi wana upungufu wa asilimia 20 dhidi ya silaha za kuchoma kama mkuki, na Spearman hupiga kwanza hata akiwa ndiye anayeshambuliwa. Mchana, ukimvamia, anakurudishia 21 mara tatu. Mawili yakikupata, 42, umekwisha, na la kwanza linakuja kabla hujainua mkuki wako. Mifupa nayo iache. Skeleton ana kinga ya asilimia 40 dhidi ya kuchoma. Unampiga 14 mara mbili saa sita mchana na yeye wala hatikisiki. Wose, mti unaotembea, ndiyo kabisa, kinga yake ni asilimia 60.

Mwisho, jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi. Farasi wengi ninaowaona wakifa hawafi kwenye shambulio lao. Wanakufa zamu ya adui inayofuata, kwa sababu ya kigae walichoachwa. Kwa hiyo kabla sijamsogeza huwa nahesabu vigae vilivyo wazi kwa adui kukizunguka kile atakachosimama, nani anaweza kuvifikia, na saa itakuwa ipi. Mchezo wenyewe unakusaidia: ipo amri kwenye menyu ya kukuonyesha adui anaweza kufika wapi, na kwenye dirisha la kushambulia kuna kitufe kinachofungua uwezekano wa kila matokeo. Tumieni hivyo vitu, vimewekwa kwa ajili yetu.

Karibuni. Namba hizi ni za askari wa kawaida bila sifa za ziada, na watengenezaji huzirekebisha kidogo toleo hadi toleo, kwa hiyo fungua maelezo ya askari wako mwenyewe kwanza.

#2 Mkuki Mrefu

Mkuu umeandika vizuri lakini nakupinga kwenye kununua. Dhahabu 23 ni karibu mikuki miwili. Mikuki miwili inashika vigae viwili, inalinda vijiji viwili, na mmoja akifa mwingine yupo. Horseman akikosa mapigo yake mawili, na kwenye majani anakosa mara nne katika kumi, umebaki na farasi katikati ya adui na hujapata kitu. Mimi kwenye orodha yangu ya kwanza naweka Cavalryman (farasi mwingine, wa upanga) mmoja wa kukimbilia vijiji, basi. Horseman namnunua nikijua tayari mpinzani ameleta nini.

#3 Nahodha wa Tambarare

Mkuki Mrefu, hapo kwenye sentensi yako ya mwisho hatupingani hata kidogo. Horseman ni wa kununuliwa baada ya kuona. Mpinzani akileta Dark Adept wawili watatu, au Drakes (majoka), nunua. Akileta mikuki na Heavy Infantry (askari wa deraya nzito), usinunue hata mmoja.

Ninapokataa ni kwenye kulinganisha na mikuki miwili. Mikuki miwili haiwezi kumfikia Adept aliyejificha. Na Adept aliyejificha ndiye anayekuulia mikuki yako usiku, 10 mara mbili kwa uchawi usiokwepeka kirahisi, na usiku ile 10 inapanda. Ukimwondoa mchana, umeokoa zaidi ya mkuki mmoja.

#4 Zuhura wa Kisauni

Salaam wote. Mimi niko Mombasa, nacheza Northerners (maorki) na Drakes zaidi, kwa hiyo nawaona farasi wenu kutoka upande wa pili wa uwanja. Niseme kinachonisumbua na kisichonisumbua.

Kwenye Drakes, Horseman ananitisha kweli. Drakes ni wakubwa, hawajui kukwepa, hata kwenye majani mtu anawapata mara saba katika kumi, halafu wana upungufu dhidi ya kuchoma. Burner wangu ana uhai 42. Mchana Horseman anampiga 27 mara mbili. Mawili yakiingia, na uwezekano wa yote mawili ni karibu nusu kwa nusu, Burner wa thamani yote ile ametoweka kwa pambano moja. Kucha zangu zinarudisha 14 mara mbili, haitoshi kumuua. Dawa yangu ni Clasher mbele, yeye ana mkuki na ndiye Drake asiyeogopa kuchomwa, na Burner akae nyuma mahali ambapo farasi hawezi kumzunguka.

Kwenye maorki ni kinyume. Namuweka Goblin Spearman wa dhahabu 9 mbele, natamani Horseman amvamie. Akimpata anakufa kwa pigo moja, sawa, lakini ni daraja sifuri, umepata uzoefu wa 4 tu, na asipompata kwa pigo la kwanza goblin anarudisha 11 mara tatu hata mchana. Halafu farasi yuko mbele ya Grunt wangu watatu na jua linazama.

Anayenisumbua kuliko Horseman, na hamumsifu vya kutosha, ni Cavalryman. Yule simuwezi. Grunt wangu usiku, saa yake bora kabisa, anampiga 8 mara mbili. Mchana 5 mara mbili. Troll Whelp anayepiga kwa ngumi ndiyo usiseme, kinga ya asilimia 40 dhidi ya kupondwa. Anakuja, anasimama kwenye kijiji changu, na inanibidi nilete Archer na goblin kumtoa, na wakati huo huo mstari wangu umelegea.

#5 Mkuki Mrefu

Dada Zuhura asante, hicho ndicho ninachosema kila siku. Cavalryman ni dhahabu 17, havamii, kwa hiyo haumizwi mara mbili, upanga wake ni 6 mara tatu. Ni farasi wa kuaminika.

#6 Nahodha wa Tambarare

Dada Zuhura, umenipa picha ambayo mimi nikiwa upande huu siioni. Na ni kweli Cavalryman nilimpita haraka. Yeye ni ukuta unaotembea. Pale ambapo ukuta wa kawaida ungechelewa, yeye anafika, anaziba, na kesho anahama kwenda kuziba kwingine. Dhidi ya maorki ningenunua Cavalryman wawili kabla ya kumfikiria Horseman.

Tahadhari moja kwa wote wawili, hawana silaha ya mbali. Kila mpiga mishale anawapiga bure. Ukimwacha farasi mbele ya Orcish Archer wawili, kinga zake dhidi ya makali hazimsaidii chochote, na mishale ni silaha ya kuchoma.

#7 Mwanafunzi wa Mchezo

Samahanini wakubwa, mimi bado mgeni. Mnaposema farasi "anazuiwa" mnamaanisha nini? Kuna wakati nina hatua 6 zimebaki, nikipita karibu na adui zinaisha zote ghafla.

#8 Nahodha wa Tambarare

Karibu sana mdogo wangu, na hili swali ndilo moyo wa jambo lenyewe kwa mtu wa farasi.

Kila askari wa daraja la kwanza na kuendelea anatawala vigae sita vinavyomzunguka. Ukiingia kwenye kimojawapo, hatua zako zote zilizobaki zinafutwa, hapo hapo. Daraja sifuri, kama yule goblin wa dada Zuhura, hawatawali kitu, unawapita. Wapo pia askari wenye ujuzi wa kupenya, kama Fencer, hao hawazuiwi. Farasi hana ujuzi huo.

Maana yake: adui hahitaji kujaza mstari mzima. Akiacha vigae viwili vitupu kati ya askari na askari, kila kigae cha mstari kinatawaliwa na mtu, na farasi wako mwenye hatua 8 atasimama pale pale. Usimhesabie farasi hatua kabla ya kuhesabu nani anatawala njia.

Upande wa pili wa sheria hii ndio mtamu, kwa sababu na wewe unatawala. Adui ameumia, anataka kurudi kijijini apone. Kijiji kinarudisha uhai wa 8 kwa zamu, ukimwachia atakuja mpya. Mpeleke farasi azunguke kwa mbali, nje ya vigae vinavyotawaliwa, asimame nyuma yake, moja kwa moja mkabala na askari wako aliye mbele. Sasa ana mmoja mbele na mmoja nyuma. Vigae vinne vilivyobaki kumzunguka, kila kimoja kinagusana na mmoja wenu. Anaweza kusogea kigae kimoja tu. Askari wawili wamemfunga mtu mzima, na huhitaji hata kumvamia. Hii kazi ya kufunga njia ya kurudi naipenda kuliko kuvamia kwenyewe, na Cavalryman anaifanya vizuri kama Horseman, pengine zaidi, maana anavumilia akijibiwa.

Ardhi nayo: milimani farasi hapandi kabisa. Msituni kila kigae kinakula hatua 3, kwenye vilima 2, kwenye maji mafupi na matope 4. Ramani yenye misitu na matope mengi, pesa yako peleka kwingine. Elvish Scout na Wolf Rider wana njia zao. Mbwa mwitu wa maorki anapita milimani na wewe ukimtazama tu.

#9 Mzee wa Ramani

Vijana, nimefurahi kuona mnajadili kwa utulivu. Niongeze kidogo kutoka kwenye historia, kwa kuwa mimi nilianza na historia ya vita kabla ya michezo hii.

Tarehe 18 Juni 1815, pale Waterloo, Jemadari Ney wa Ufaransa alipeleka wapanda farasi maelfu kupanda mteremko kuwavamia askari wa miguu wa Uingereza na washirika wao. Askari wale walijipanga miraba, singe zikitazama nje pande zote. Farasi walivamia tena na tena, alasiri nzima, na miraba haikuvunjika. Farasi hawakuwa na askari wa miguu wa kutosha nyuma yao wala mizinga ya karibu ya kuibomoa ile miraba kwanza. Wangekuwa nayo, mraba ungelazimika kuchagua: ubaki umesongamana upigwe na mizinga, au ufunguke uliwe na farasi.

Ndani ya Wesnoth ni hivyo hivyo. Farasi ni wa pili. Wa kwanza ni yule anayefungua mlango, awe Mage, awe Heavy Infantry. Mtu akinionyesha zamu ambayo farasi ndiye aliyeshambulia kwanza, huwa namuuliza kwa nini.

#10 Zuhura wa Kisauni

Shikamoo Mzee. Hiyo ya nani anashambulia kwanza imenigusa. Na wapo wachezaji wanaofanya kinyume kwa makusudi: wanavamia na farasi kwanza ili wajue bahati yao, halafu wapange wengine kulingana na matokeo. Unaionaje?

#11 Mzee wa Ramani

Marahaba binti. Inafaa pale tu ambapo farasi akikosa bado una watu wa kuziba mahali aliposimama. Kama huna, basi umecheza na maisha yake.

#12 Mwanafunzi wa Mchezo

Asanteni sana. Basi naomba mnisaidie hali halisi, mchezo uko kwenye kompyuta nimeuhifadhi. Mimi Loyalists, adui Undead. Tulianza alfajiri, sasa ni zamu ya 8, asubuhi. Adui ana Skeleton watatu kwenye mstari mmoja wa majani, wameshikana. Kushoto kwao mto. Kulia kwao kigae kimoja cha majani halafu msitu mnene. Nyuma yao, wamegusana nao, Dark Adept wawili. Mmoja yuko nyuma kati ya Skeleton wa katikati na wa kulia. Hakuna wengine karibu. Mimi nina Mage wawili, Heavy Infantry mmoja, Spearman mmoja, kiongozi wangu Lieutenant yuko karibu, na Horseman mwenye sifa ya strong, uhai 39 kamili, pigo 10. Wote wazima. Nafikiria kumuua Skeleton wa katikati kwa Mage wote wawili halafu farasi aingie kwenye pengo. Sawa?

#13 Mkuki Mrefu

Nadhani ni sawa, pengo la katikati linamfikisha kwa Adept wote wawili. Au niseme Nahodha atathmini.

#14 Nahodha wa Tambarare

Hapana, katikati haitawezekana, na sababu ni ile niliyoeleza kwenye #8. Skeleton wa katikati akifa, wa kushoto na wa kulia bado wako hai. Vigae viwili vya mbele yake, ambavyo Mage wako wamesimama, kimoja kinatawaliwa na wa kushoto na kingine na wa kulia. Farasi ili aingie kwenye pengo lazima apite kimojawapo. Unaruhusiwa kumpita askari wako mwenyewe, lakini kigae kile kinazizima hatua zako zote, na huwezi kusimama juu ya Mage wako. Kwa hiyo pengo litakuwepo na farasi atalitazama tu kwa mbali.

Muue wa kulia. Yule wa pembeni.

Fanya kwa mpangilio huu. Lieutenant aende kile kigae cha majani kilicho kati ya Skeleton wa kulia na msitu. Ampige yeye kwanza kwa upanga. Hatamfanya kitu kikubwa, ni mifupa, lakini pigo moja likiingia linasaidia na utaona kwa nini. Mage mmoja asimame kigae cha mbele kinachogusana na Lieutenant. Lieutenant ni daraja la pili, kwa hiyo uongozi wake unamwongezea Mage huyo asilimia 25 nyingine. Mifupa inaogopa moto asilimia 20. Mage huyo atapiga 13 mara tatu. Mage wa pili asimame kigae kingine cha mbele, hagusani na Lieutenant, atapiga 10 mara tatu. Uchawi hauangalii ardhi, kila pigo linaingia mara saba katika kumi. Skeleton ana uhai 34. Mawili ya 13 na moja la 10 yanatosha. Moja la 13 na mawili ya 10 ni 33, pungufu kwa moja, na hapo ndipo upanga wa Lieutenant uliotangulia unapolipa.

Skeleton akianguka, farasi anapita juu ya Mage aliye karibu na Lieutenant. Kigae cha Mage huyo hakigusani na Skeleton wa katikati, hakigusani na Adept, kwa hiyo hakuna anayekizuia. Anaingia pale aliposimama Skeleton aliyekufa. Sasa anagusana na Adept uliyemtaja, na anagusana na Lieutenant. Mchana asilimia 25, uongozi asilimia 25: pigo lake la 10 mara mbili kwa kuvamia, jumla 30. Adept ana uhai 28. Pigo moja linamuua. Una nafasi mbili za asilimia 60, ambayo ni 84 kwa 100 kwamba angalau moja litaingia, na Adept hana cha kurudisha.

Kabla hujabofya, soma sifa za Adept. Akiwa na resilient ana uhai 33 na utahitaji yote mawili. Na ujue tu kwa siku nyingine: Horseman asiye na strong, kwenye mpango huu huu, angepiga 27, pungufu kwa moja.

Sasa hesabu ya kigae. Farasi atakuwa na Mage wawili na Lieutenant upande mmoja. Vigae vitatu viko wazi kwa adui: Skeleton wa katikati alipo, alipokuwa Adept, na kimoja cha nyuma. Waliobaki ni Skeleton wawili na Adept mmoja, na bado ni asubuhi. Kila Skeleton atampiga 4 mara tatu, Adept hata nikimhesabia 8 kamili ni mara mbili. Jumla ya yote 40, uhai wake 39. Ili afe lazima mapigo yote nane yampate, na hiyo ni chini ya 3 kwa 100. Mimi ningempeleka bila wasiwasi.

Heavy Infantry usimtumie kuua huyo wa kulia isipokuwa Mage wote wawili wamekosa vibaya. Mweke mbele ya Skeleton wa katikati, upande wa kushoto, azuie wasiwafikie Mage. Spearman akae nyuma ya Lieutenant.

Zamu ya 9 bado ni alasiri, malizia Adept wa pili kama amejileta. Zamu ya 10 ni machweo: hapo farasi arudi kijijini, hata kama kuna mtu mtamu mbele yake.

#15 Mzee wa Ramani

Sina la kuongeza isipokuwa Lieutenant. Ni kiongozi, akifa mchezo umekwisha. Pale pembeni kwenye majani nani atamgusa?

#16 Nahodha wa Tambarare

Mzee, swali la haki. Kigae chake kikishazungukwa na Mage, farasi na msitu, upande wa adui unabaki wazi kile kigae cha nyuma kinachogusana na farasi pia, na kile cha msituni kilicho pembeni yake kama kuna atakayeweza kukifikia. Adui ana watu watatu tu na wote ni wa usiku. Skeleton dhidi ya Lieutenant mchana ni 5 mara tatu. Wakimwendea Lieutenant wamemwacha farasi, na mimi nafurahi. Ingekuwa machweo nisingempeleka.

#17 Mkuki Mrefu

Nimekubali kuhusu katikati, sikuwa nimekiangalia kigae cha Mage. Ila nasisitiza: huu mpango umefanikiwa kwa sababu kuna Mage wawili na kiongozi mwenye uongozi. Anayenunua Horseman watatu na kuwasahau Mage hana mpango.

#18 Zuhura wa Kisauni

Na akimmaliza huyo Adept anapata uzoefu wa 8. Mdogo wetu, farasi wako ukimtunza hadi 44, utachagua apande kuwa Knight au Lancer. Lancer akivamia anapiga mapigo matatu badala ya mawili, anatisha, lakini hana mbele tena. Knight anapata upanga 8 mara nne pamoja na mkuki wake, kwa hiyo akikutana na mtu hatari anaweza kuacha kuvamia, na kutoka hapo anaweza kuwa Paladin, ambaye anawaponya wenzake. Kwenye kampeni ndefu mimi huchagua Knight kila mara. Kwenye mechi moja ya usiku mmoja, Lancer.

#19 Mwanafunzi wa Mchezo

Nimesoma sifa: Adept wa karibu ni quick na intelligent, si resilient. Nimecheza kama Nahodha alivyopanga. Upanga wa Lieutenant uliingia mara moja, Mage wa kwanza mawili, wa pili moja, Skeleton akaanguka. Farasi alikosa pigo la kwanza, la pili likaingia. Zamu ya adui wamempiga hadi 23, Adept wa pili amekuja mbele kumrushia barafu na sasa amesimama majani matupu, kigae kimoja kutoka kwa Spearman wangu. Alasiri bado. Nimpige na Spearman au farasi?

#20 Nahodha wa Tambarare

Farasi ana 23, Adept harudishi kwa karibu, kwa hiyo hakuna hatari kwenye pambano lenyewe kwa yeyote. Anza na Spearman. Akimpunguza hata pigo moja, hata farasi asiyeguswa na uongozi, pigo lake la 25 litammaliza. Kisha mfungie Skeleton aliye karibu na msitu kwa Heavy Infantry, na zamu ijayo mrudishe farasi kijijini kama nilivyosema.